Mtungi wa Karibu na Mlango

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumanne tarehe kumi na moja Machi 2008, mpira mmoja wa kupitisha gesi ya kiyoyozi cha trekta ya Mama Awut ulikuwa na ukoko wa vumbi lililoloa mafuta. Mipira mingine yote ilikuwa mikavu. Christabel aliuona ukoko huo akiwa amelala chali chini ya kebini. Gesi ya baridi inapovuja hutoka pamoja na mafuta ya kompresa, na mafuta hunasa vumbi. Lakini ukoko humwonyesha fundi mtaa tu, haumwonyeshi nyumba. Tundu lenyewe lilikuwa bado la kutafutwa.

Trekta ilisimama katikati ya shamba, Rejaf, nje kidogo ya Juba, ikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa amepiga ribiti madirisha yote ya kebini yasifunguke, ili vumbi lisiingie, kwa hiyo kiyoyozi kikifa, dereva hupikwa ndani ya kioo. Alhamisi iliyotangulia dereva, Makuei, alizimia akiwa analima. Trekta iliendelea peke yake hatua themanini na kitu, ikasimamishwa na kichuguu. Mama Awut, aliyerudi kutoka Eldoret baada ya mkataba wa amani kutiwa saini na kulinunua shamba hilo, aliapa kwamba Makuei hatalima tena kabla baridi haijarudi. Kisha akaangalia mawingu ya mvua upande wa kusini, akampigia simu Christabel, Mkenya aliyetunza viyoyozi vya hoteli moja mjini, akamwomba siku yake ya mapumziko.

Mfumo ulikuwa mtupu. Ili tundu lionekane, ilibidi uingizwe gesi kavu yenye presha, kisha mipira ipakwe povu la sabuni. Gesi ya kazi hiyo ni naitrojeni, kwa sababu haiwaki na haiwashi kitu. Oksijeni hairuhusiwi kabisa: ikikutana na mafuta ya kompresa ndani ya presha, inaweza kulipuka bila kiberiti. Christabel alifundishwa hivyo chuoni kwa picha ya kompresa iliyopasuka, na picha hiyo hakuhitaji kuitazama mara ya pili.

Mtungi alikuwa ameuazima alfajiri kwa Matiya, Mganda mwenye karakana ya kuchomelea vyuma soko la Jebel. Matiya alipaka mitungi yake yote rangi ya kijani, ili ikiibwa aitambue popote. Kilichokuwa ndani alikijua kwa mahali: oksijeni nyuma, penye kazi, naitrojeni karibu na mlango, kwa vile iliombwa mara moja kwa mwezi. Christabel alichukua wa karibu na mlango. Kifaa chake cha kupunguzia presha kiliingia vizuri, ila hilo halikuthibitisha lolote, maana nyuzi za skrubu kwenye midomo ya mitungi ya gesi hizo mbili ni zile zile.

Saa nne na dakika tano geji ya presha ilisoma baa kumi. Saa nne na nusu ilisoma tisa na robo. Alipaka povu kuanzia kwenye kompresa kurudi nyuma, na chini ya ngazi ya kebini, pale mpira ulipokuwa ukisugua ukingo wa chuma, povu likaanza kufura taratibu kama uji unaotaka kuchemka.

Makuei alichuchumaa kando yake, akatazama, akacheka.

"Ya mohandis," alisema, akitumia Kiarabu cha Juba kumwita mhandisi kwa utani, "kitundu kidogo hivi ndio iko naniangusha mimi, mwanaume mzima?"

Christabel alimjibu kwamba wapo wanaume walioangushwa na vidogo zaidi. Akaenda kuchukua mpira mpya kwenye gari lake, aliloliacha barabarani juu kwenye mwinuko, mita mia mbili hivi.

Huko juu ndiko simu ilikoshika mtandao. Saa tano na dakika kumi na mbili ikaita. Alikuwa Matiya, na hakusalimia.

"Nyabo," alimwita, yaani bibi kwa Kiganda, "wewe alichukua mtungi gani?"

Alimwambia ni wa karibu na mlango. Matiya akaeleza. Jana jioni lori la Kampala lilileta mitungi, na wapakuzi wakasogeza ya zamani ili wapate nafasi. Leo fundi wake alikuwa akichomelea geti. Kila akifungulia oksijeni, moto wa bomba la kuchomelea unazimika. Wamebadilisha bomba, wamebadilisha mipira, bado unazimika.

"Sasa mimi iko nafikiri," Matiya alisema, "hii ya nyuma si oksijeni."

Simu ikakatika. Christabel alisimama nayo sikioni. Kama naitrojeni ilikuwa nyuma ya karakana ya Matiya, basi gesi iliyokuwa ndani ya trekta ya Mama Awut, kwa baa tisa, juani, pamoja na mafuta ya miaka ishirini na miwili, ilikuwa na jina moja tu.

Ndipo akasikia injini ya trekta ikiwaka.

Alikimbia. Buti zilikuwa nzito na udongo ulikuwa mabonge. Akili yake ilimtangulia, ikihesabu. Injini peke yake haizungushi kompresa, na kompresa isipozunguka haiibani gesi. Huizungusha pale tu klachi ya kompresa inapopata umeme. Umeme hupita kwenye waya mmoja, na waya huo yeye huuchomoa kabla ya kila kazi. Je, leo aliuchomoa? Alikumbuka kuugusa. Alikumbuka kwamba plagi yake ilikuwa kavu kama ganda la yai na kwamba aliogopa kuivunja. Baada ya hapo hakukumbuka kitu, na kutokumbuka hakukuwa ushahidi wa upande wowote.

Ndani ya kioo Makuei hangeweza kusikia. Alikuwa amegeuka, anatazama jembe nyuma. Christabel alizunguka hadi mbele ya trekta, mahali asipotaka kabisa kuwa, kwa kuwa kompresa ilikuwa hatua sita kutoka kifuani pake, na akainua mikono yote miwili.

Makuei aligeuka, akamwona, akampungia mkono. Kisha akainama kuelekea penye swichi.

Christabel alipishanisha mikono kwa umbo la msalaba, akaitanua, akaipishanisha tena. Makuei alikunja uso. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, halafu ukashuka kwenye ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Teremka," Christabel alisema mlango ulipofunguka. "Usiguse kitu. Njoo huku."

Walipofika mbali ndipo alipomuuliza kwa nini aliwasha. Makuei, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, alieleza kwamba betri ni mbovu. Asipowasha trekta kila siku kabla ya saa sita, lazima watu wanne wasukume. Na baridi je, aliiwasha?

"Feni tu. Hiyo ingine, ya kujaribu baridi, mimi nangoja injini ipate moto kwanza. Ilikuwa karibu."

Christabel alirudi peke yake. Feni ilikuwa namba mbili. Swichi ya baridi ilikuwa imezimwa. Waya wa klachi ulikuwa umechomekwa, na plagi yake ilikuwa nzima.

Aliuchomoa. Akaelekeza mpira wa geji upande upepo unakokwenda, akalegeza vali kwa kiasi cha unywele, na kwa dakika kumi na saba akasikiliza presha ikitoka. Baada ya hapo alinawa mikono kwa sabuni mara mbili hadi mafuta yakaisha kwenye kucha, akaubingirisha mtungi hadi kwenye udongo mtupu, mbali na kila kitu. Maneno ya Matiya yalikuwa ni dhana tu, na jaribio la kuitambua gesi kwa kaa la moto alipaswa kulifanya alfajiri, mlangoni kwa Matiya. Lilihitaji dakika moja. Alimwambia Makuei hivyo hivyo, bila kupunguza: kwamba kosa lilikuwa lake yeye fundi, na kile ambacho kompresa ingefanya kama Makuei angebonyeza swichi.

Makuei alimletea kijiti kirefu alichomwomba kutoka jikoni kwake, ncha yake ikiwa kaa jekundu lisilo na ulimi wa moto.

Saa sita na dakika arobaini Christabel alifungulia mtungi kidogo sana, akasogeza kaa mbele ya mdomo wake. Likalipuka kuwa moto mweupe, kijiti kikateketea hadi nusu kabla hajakivuta. Akafunga mtungi.

Makuei alirudi nyuma hatua nne. Kisha akatoa ufunguo wa trekta mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Christabel.