Msemaji wa Makala ya L na R

Simu ya Mukami ilimkuta Nabwile ofisini kwake, kampasi ya Bungoma, akisahihisha mitihani. Mukami ndiye aliyesimamia dawati la utafiti katika Chuo Kikuu cha Nzoia ya Juu. Mhadhiri aliyetaka kusaidiwa kuchapisha makala au kwenda kongamano alipitia kwake.

"Daktari, hongera! Kamati imekubali pepa yenu. Chuo kitalipia kongamano la Kiswahili pale Kitale, na kuna mhariri wa kuwasaidia mkiipeleka kwa jarida. Lakini kuna kitu sielewi. Fomu yako inasema msemaji ni Daktari Abdisalam. Fomu yake inasema msemaji ni wewe. Sasa nani atasema?"

"Abdisalam," Nabwile alijibu haraka.

"Nimetoka kumpigia. Amesema ni wewe. Tena amejibu haraka hivyo hivyo."

Nabwile alikata simu akiwa amekasirika. Abdisalam alifundisha takwimu kampasi ya Kitale, mji aliozaliwa. Chuo ndicho kilichowakutanisha, maana ufadhili ulitaka watafiti wawili kutoka idara mbili. Nabwile, mtu wa isimu, alikuwa amerekodi wauzaji sitini katika soko la Kamukuywa na la Saboti. Abdisalam alileta hesabu. Swali lao lilikuwa moja: muuzaji akisema "mchere" badala ya "mchele", je, mnunuzi hukwama? Baada ya miezi minane walipata jibu. Kati ya maneno mia yaliyobadilishwa L na R, manne tu ndiyo yaliyomfanya mnunuzi aulize tena.

Jumamosi Nabwile alifika Kitale. Abdisalam alimpeleka kwenye hoteli moja nyuma ya msikiti, akaagiza chai ya tangawizi na chapati.

"Wewe ndiye mwenye utafiti," alianza. "Sauti ni zako, masoko ni yako. Mimi nimejumlisha tu."

"Na wewe unaongea vizuri. Watu wa Kiswahili watakusikiliza."

"Si wewe ndiye mtu wa Kiswahili, bana?"

"Abdisalam, usinirushie hii..." Akasita. Alijua amesema "usinilushie". Kila alipokasirika, herufi zake zilihama.

Akaweka kikombe chini, akaamua kusema yote. Miaka sita iliyopita alisimama kwenye kongamano kama hilo kuzungumzia lugha ya uchaguzi. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa, "Haki ya kwanza ya raia ni kura." Ila ilitoka "kula". Ukumbi mzima ulicheka, na bwana mmoja wa nyuma akauliza kama chakula kiko tayari. Tangu siku hiyo kila makala yake ilisomwa na mtu mwingine.

"Watasikia nikizungumzia L na R na zenyewe zinanitoroka," alisema. "Nitakuwa kichekesho."

Abdisalam hakucheka. Alizungusha kijiko kwenye chai.

"Mimi nikikaa hivi na wewe, P inatoka sawa," alisema. "Nikisimamishwa mbele ya watu inageuka B. Nyumbani tunaongea Kisomali, na Kisomali hakina P. Sasa fikiria mwalimu wa takwimu. Hesabu yote inaishia kwa kitu kinaitwa thamani ya P! Mwaka jana nilisema 'thamani ya B' somo zima. Mwisho mwanafunzi mmoja akainua mkono, ati nimweleze tofauti ya thamani ya B na ile ya P iliyo kwenye kitabu."

Nabwile alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani.

"Ungeniambia mapema! Sisi watu wa Bungoma P tunazo za kukopesha. Nenda kwa nyanya yangu umsikie akisema 'Pungoma'."

Hapo ndipo walipopata mpango wao. Wangesimama wote wawili. Maneno yenye P angeyasema Nabwile, yenye L na R angeyasema Abdisalam. Walichukua kalamu mbili na kupaka makala rangi, sentensi baada ya sentensi, wakaona wamemaliza kazi.

Ijumaa iliyofuata walifanya mazoezi mbele ya Mukami, katika chumba cha mikutano Bungoma. Chuo kililazimisha mazoezi hayo kwa kila aliyefadhiliwa.

"Tulirekodi wauzaji," alianza Abdisalam.

"Pamoja na wapishi," akadaka Nabwile.

"wa hoteli ndogo za Saboti, ili kulinganisha..."

"bei wanazopatana..."

"na wateja, ambao kwa jumla..."

Walipofika kwenye neno "kipengele", ambalo lilikuwa na P na L, wote wawili walinyamaza wakatazamana. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Mukami aliinamia meza, mabega yakimtikisika kwa kicheko, kisha akajipangusa machozi.

"Madaktari, nisameheni. Mimi si msomi wa lugha. Lakini nimesoma hii pepa yenu mara tatu. Si inasema watu wanaelewana hata herufi zikihama?"

"Ndiyo," alisema Nabwile.

"Basi mbona nyinyi hamuiamini?"

Nabwile aliona aibu, lakini haikuwa ile ya zamani. Aliikusanya ile makala ya rangi mbili, akaikunja, akaitia mkobani. "Tuanze tena," alisema. "Nitasoma sehemu ya masoko yote. Wewe soma hesabu yote. Kitakachotoka, kitoke."

Kongamano lilifanyika mwezi uliofuata, Kitale, ukumbi umejaa. Nabwile alipanda jukwaani kwanza. Dakika mbili za kwanza zilienda vizuri. Kisha, katikati ya habari za Kamukuywa, "lori la mahindi" likatoka "roli". Wawili watatu wakaguna kicheko.

Alisimama. Alitazama safu za mbele, akauliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" ukumbi ukajibu.

"Basi tuendelee."

Akaendelea, na herufi zikahama mara tano au sita, naye akaacha kuzihesabu. Abdisalam akafuata, akasema "thamani ya B" kwa sauti ya mtu asiye na deni, huku P kubwa iliyorushwa na projekta ikionekana ukutani nyuma yake. Watu waliandika walichokiona.

Wakati wa maswali, Profesa Ngige, mzee mwembamba anayeogopwa na kila mtafiti, alishika maikrofoni. Nabwile alijua sasa atakosolewa matamshi.

"Mnunuzi wenu yuko sokoni," alisema profesa. "Mchele uko mbele ya macho yake. Hata ukiuita mawe ataelewa. Je, wakiongea kwa simu?"

Swali lilikuwa la kweli, tena zuri.

"Hatukujaribu simu, Profesa," Nabwile alisema. "Tulipaswa kujaribu."

"Jaribuni, kisha mchapishe."

Walishuka jukwaani Abdisalam akinong'ona kwa hasira, "Miezi minane! Ametubomolea jengo kwa swali moja."

"Hajabomoa. Ametuonyesha chumba tulichosahau." Nabwile alishangaa kwamba alikuwa anatabasamu. "Wafanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge huuziana kwa simu kutwa nzima. Tuanzie huko."

Mukami aliwapatia ruhusa na gari la chuo kwa siku nne. Mjini Moi's Bridge mama mmoja aitwaye Kabura, mwenye ghala karibu na barabara ya Eldoret, aliwaruhusu kurekodi simu zake, bora wasimzuie kazi. Huko kwenye simu maneno yaliyokwamisha yalikuwa kumi na moja kwa mia. Makala ilibidi iandikwe upya, na mhariri wa chuo aliirudisha mara mbili kabla jarida halijaikubali.

Siku makala ilipochapishwa, Abdisalam alikuwa darasani. Nabwile alimpigia hata hivyo, akamsomea ukurasa wa kwanza kwa sauti, herufi zikihama zilivyotaka, na Abdisalam akaweka simu kwenye spika ili wanafunzi wasikie.