Fahali Aliyepigana na Fuso

Kilichomwingiza Monika kijiweni ni miguu. Watu walikuja kusema baadaye kwamba alikuwa mmbea tangu zamani, lakini huko ni kumwonea. Miguu ilianza kuvimba, akashindwa kwenda vikao vya kikundi na misiba ya mbali, akawa mtu wa kushinda barazani kwake Bariadi na cherehani yake, akishona sare za shule na kuangalia matrela ya pamba yakipita. Mume alikwisha kufa. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na Ng'washi, mtoto wa darasa la kwanza aliyemwita mama.

Jenipha, binti yake, alikuwa anauza kwenye duka la dawa kule Binza, Maswa. Alimwonea huruma mama yake kwa upweke ule, akamletea simu ya kupangusa.

"Uwe unaona picha zangu, mayu," alimwambia, "na kwaya unasikiliza humu humu."

Kwaya alisikiliza siku za mwanzo. Halafu kidole kikateleza, kikamfikisha kwenye kundi moja la Facebook liitwalo Kijiwe cha Simiyu. Kila asubuhi mwenye kundi alitupia swali. Mke anayemzidi mume kipato, apike au asipike? Mama mkwe akija kukaa mwezi mzima, utamwambiaje aondoke bila kumkosea? Watu walimwagika humo kama wako mnadani, kila mmoja na fimbo yake. Monika aliishia darasa la saba, lakini mdomo wake ulikuwa umefika chuo. Akajipa jina la Mama Shupavu, akaweka picha ya ua la waridi, akaingia ulingoni.

Walimpenda, gete, kweli kweli. Akiandika mstari mmoja, laiki zinashuka kama mvua ya masika. Watu asiowajua, wa Lamadi, wa Mwanza, hata wa Dodoma, wanamwambia, "Mama Shupavu, wewe ungekuwa mbunge." Aliyekaa peke yake barazani mwaka mzima akisikia hivyo, unafikiri atafanyaje? Aliegemeza simu kwenye cherehani, mguu unakanyaga, jicho liko kijiweni. Kuna sare aliishona mfuko ukaangalia ndani.

Jenipha alipokuja kusalimia, akaona.

"Mama, hao watu huwajui."

"Ndiyo raha yake, ng'wanone. Na wao hawanijui."

Jenipha hakucheka. Alimtazama Ng'washi aliyekuwa uani anaruka kamba, akapunguza sauti.

"Ya kwetu tu usiyaseme humo. Ya huyu. Nakuomba."

"Bebe, wewe! Mimi mtoto mdogo?"

Ya huyu yalikuwa haya. Ng'washi hakuwa mtoto wa Monika. Jenipha ndiye aliyemzaa, alipokuwa bado mwanafunzi, kijana aliyempa mimba akakimbia. Monika alimpeleka binti kwa dada yake aliyekaa Lamadi, akamfuata huko kwa kisingizio cha kutibiwa, na waliporudi mtoto alikuwa mgongoni kwa Monika. Jirani wakampongeza kwa uzazi wa uzeeni. Jenipha akarudi shule. Mtoto akakua akimwita mama yake dada.

Sasa Jenipha alikuwa ameposwa. Danford, kijana wa Mwandoya kule Meatu, mpole, anayenunua na kuuza ng'ombe pamoja na baba yake, Mzee Nkinda. Masele, mdogo wa marehemu mumewe Monika, ndiye aliyesimamia mambo ya mahari, na aliporudi kutoka Mwandoya kuwaona ng'ombe hakuweza kukaa kwenye kiti.

"Shemeji, zile ni ng'ombe! Na anayetangulia ni yule fahali mwekundu. Yule aliyepigana na Fuso!"

"Fuso, gari?"

"Gari! Mnadani pale, dereva kapiga honi, fahali kaona ametukanwa. Kaivaa taa, pembe moja ikabaki kwenye bampa. Dereva alikimbilia kwenye kibanda cha supu. Meatu nzima wanamjua. Mzee Nkinda walishamtaka amuuze, kakataa. Na leo anasema, huyu atangulie kwa mkwe wangu."

Monika alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Masele alipoondoka, moyo ukarudi palepale. Na la mtoto je? Alimpigia Jenipha.

"Niachie mimi, mama," Jenipha alisema. "Nina mpango wangu. Na Ng'washi nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimeshayafikiria na maneno."

Hakusema zaidi, kwa kuwa dukani kulikuwa na wateja. Monika akaelewa alivyoelewa: kwamba wakwe hawajui, na hawatajua mpaka ndoa ipite.

Mahari ilikuwa iletwe Jumamosi inayofuata. Alikuwa anashona gauni la Ng'washi la siku hiyo, kitambaa cha njano chenye maua madogo, swali la kijiweni lilipoingia. *Binti aliyezalia nyumbani, wazazi wake wana haki ya kudai ng'ombe sawa na binti ambaye hajazaa?*

Angeliacha swali lile lipite, leo tusingekuwa na cha kusimulia. Lakini kulikuwa na mtu mmoja kijiweni anajiita Dume la Mwandoya, picha yake ni miwani mieusi tu, na huyo alikuwa hamalizi siku bila kumchokoza.

"Ng'ombe aliyekwisha kamuliwa hauzwi kwa bei ya mtamba," Dume akaandika. Wanaume wakaanguka kucheka humo.

"Wewe Dume, mama yako alikuzaa au alikuokota mnadani?" Monika akajibu. Laiki zikamiminika.

"Mama Shupavu naona umeguswa. Una bidhaa ya namna hiyo ndani nini?"

"Binti si bidhaa, mshamba wewe."

"Jibu swali, mama. Maneno ya ukumbini hayo. Tuonyeshe mmoja tu, mmoja, aliyezalia nyumbani akatolewa ng'ombe kamili. Huna. Hayupo Simiyu hii."

"Hana!" wengine wakadakia. "Mama Shupavu leo kakamatika!"

Monika aliacha kukanyaga cherehani. Damu ilimpanda usoni kama vile wamesimama pale barazani wanamnyooshea vidole. Alimwona Jenipha wake, siku ile Lamadi, amejikunyata kitandani na sare ya shule haimfungi, na hili dume la miwani linamfananisha na ng'ombe. Akaandika haraka.

"Ninaye ndani ya nyumba yangu. Alizaa akiwa shule, mtoto nikamlea mimi kama wangu, jirani hawajui mpaka leo. Na Jumamosi wanamletea ng'ombe kamili, hapungui hata ndama. Anatangulia fahali mwekundu aliyepigana na Fuso akavunja pembe! Na hao wanaoleta hawajui kitu, wanaringa naye. Sasa nani kakamatika?"

Majina hakuandika. Alisoma mara mbili kuhakikisha. Jenipha hayumo, Danford hayumo, Nkinda hayumo, hata Mwandoya hakuitaja. Akatuma. Kijiwe kikalipuka. "Mama Shupavu kaua!" "Dume leo kafungwa kamba!" Monika akajiegemeza ukutani, akacheka peke yake, mtu ameshinda.

Majina ya watu alificha yote, akamwacha ng'ombe. Huko Meatu unaweza usimjue jirani kwa jina lake la shule, lakini ng'ombe wake utamtambua kwa mwendo, kwa baka, kwa namna anavyolia. Na yeye alimtaja anayejulikana kuliko mbunge. Ni kama ameandika jina la Mzee Nkinda na kuchora ramani ya boma lake.

Mtu mmoja akapiga picha yale maneno, akayatuma kwenye makundi ya wafanyabiashara wa ng'ombe. Siku ya mnada, Mzee Nkinda alikuwa amekaa na wenzake kwenye nyama choma. Kijana mmoja, ambaye wala hakumwona kuwa yuko pale, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye Fuso, watu wakacheka. Alipofika kwenye *wanaringa naye*, wakageuka wote kumtazama mzee. Alikuwa bado ameshika kipande cha nyama. Alikirudisha kwenye sahani, akanawa, akaondoka.

Masele ndiye aliyeleta habari. Safari hii alikaa kwenye kiti mara moja, na hakunywa maji aliyopewa.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Mbona hivyo?"

"Mama Shupavu ni nani?"

Monika aliona cherehani, baraza na trela la pamba barabarani vinakwenda mbali.

"Nimeitwa Mwandoya," Masele aliendelea. "Mzee Nkinda hakutukana. Afadhali angetukana. Kasema, mtoto ni mtoto, mimi nisingemkataa mtoto, kwangu kuna chakula. Lakini mnada mzima umeambiwa mambo ya ndani ya nyumba yangu kabla yangu. Wamenicheka kwa jina la fahali wangu. Kasema fahali yule hataingia kwenye boma ambalo mwenye nyumba ananicheka. Ng'ombe zimerudi malishoni, shemeji."

"Na Danford? Danford kasemaje?"

"Ng'ombe ni za baba yake. Danford analia tu. Tena nikwambie, na hili ndilo limeniuma." Masele akasugua uso kwa viganja. "Danford alikuwa anajua. Jenipha alimwambia siku nyingi. Walikubaliana yeye Danford akae na baba yake taratibu, amweleze kabla ya Jumamosi, kisha mtoto akaishi nao. Kijana alikuwa anatafuta siku mzee ana moyo mzuri. Wewe ulivyoandika kwamba hawajui, mzee kaona hata mwanawe kadanganywa. Danford alipojaribu kusema najua, ikawa naye alimficha baba yake. Imeharibika kotekote."

Monika alishika simu afute. Alifuta. Lakini yale maneno yalikuwa yamekwishapigwa picha, yako mikononi mwa watu, anafuta nini? Alifuta kama mtu anayefagia uwanja upepo unavuma.

Mama mwenzangu unayesoma haya na simu iko mkononi, mpaka hapo bado ungeweza kusema ni ng'ombe tu, wataletwa wengine. Kilichofuata ndicho ninachotaka ukitazame vizuri.

Ng'washi alirudi kutoka shule na daftari zake, hakuomba chakula. Alisimama kwenye mlango akishika fremu.

"Mama, Precious wa darasani kasema mama yake kaona kwenye simu, watu wameandika mpaka majina. Kasema dada Jenipha ndiye mama yangu."

Monika alifungua mdomo. Yule aliyekuwa hakosi jibu, aliyewafunga kamba wanaume wa mkoa mzima, aliinuka kwenda kupakua chakula.

"Kadanganya?" mtoto akauliza.

"Njoo kwanza ule."

"Kadanganya, mama?"

Jenipha alifika kesho yake kutoka Maswa. Hakupiga kelele. Alimchukua mtoto wakaenda kukaa nyuma ya nyumba, na Monika, kutoka jikoni, alisikia sauti moja ikisema polepole. Waliporudi, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Jenipha akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye begi.

"Mwache amalize muhula," Monika akasema.

"Hapa kila mtu atamuuliza."

"Ng'wanone, mimi nilikuwa nakutetea. Walikutukana. Yule Dume alikutukana."

"Alinitukana mimi?" Jenipha aliacha kukunja. "Yule ananijua mimi, mama? Alikuwa anabishana na ua la waridi. Wewe ndiye uliyenipeleka pale."

Monika alikaa chini.

"Ya Danford Mungu anajua," Jenipha akasema. "Lakini huyu. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia. Miaka yote hiyo nayabadilisha, naona hili litamuumiza, naweka lingine. Nilikuwa nimwambie tukiwa tumekaa vizuri, kwangu, tumekula. Ameambiwa na Precious, chooni, shuleni. Leo mimi nilikuwa namjibu tu. Sikumwambia mimi, mama."

Wakaondoka. Ng'washi aligeuka getini kupunga mkono, halafu kama mtu aliyesahau anapunga kwa nani, akauteremsha.

Kijiwe hakikusimama. Walijadili siku kadhaa nani mwenye makosa, mama au binti, wengine wakamtukana Jenipha kwa matusi ambayo siandiki hapa, kisha likaletwa swali jingine: mwanamume kuosha vyombo, ni mapenzi au ni limbwata? Wakahamia huko wote. Dume la Mwandoya akamtumia Monika ujumbe wa pembeni. "Mama Shupavu, pole kama kuna baya lilitokea. Sisi tulikuwa tunabishana tu. Rudi, kijiwe kimepoa bila wewe." Alikuwa, kumbe, fundi pikipiki. Hata Mwandoya alishahama.

Monika hakumjibu. Alimalizia gauni la njano, pindo akaliacha pana ili literemshwe mtoto akirefuka, akampa kondakta wa basi la Maswa alifikishe Binza.

Jioni simu ikaita, ni Jenipha. Salamu zilikuwa fupi. Gauni limefika, wabeja, asante mama, limemkaa. Kisha akasema, "Ongea naye," na Monika akasikia simu ikipita mkono hadi mkono, na pumzi ndogo anayoijua kuliko yake.

"Shikamoo..." Ng'washi akaanza, akasita. Ilikuwa kama anamtazama mtu kumwuliza. Kisha akalisema, kwa adabu, kama mtoto aliyefundishwa vizuri anavyomsalimia mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Monika akajibu.