Mteremko Usiofyekwa

Kwetu milimani Tirol, theluji ya kwanza ndiyo ya kuogopa, kwa sababu ni kidogo na watu huidharau. Ardhi bado ina joto la kiangazi. Mahali ambapo majani hayakufyekwa, hulala chini, marefu na laini, na theluji haipati pa kushika, ikaporomoka. Ndiyo maana tunafyeka hata kule ambako ng'ombe hafiki.

Mwaka ule zamu ya kufyeka mteremko wa juu ilikuwa yangu. Sikufyeka. Ningeweza kusingizia goti, lakini ukweli ni uvivu tu, na kaka yangu Alban alikuwa ameshaanza kuniita Bibi Usingizi mbele ya watu. Jina hilo liliniuma.

Novemba, theluji ilipofika nusu ya muundi wa mguu, mimi na Alban tulipanda mlima na sleji zetu za kuburuta mizigo juu ya theluji, kwenda kushusha majani makavu kutoka kwenye banda la mlimani. Njia hupita chini ya mteremko ule. Tulipofika ukingoni, Alban akasimama.

"Zenzi, hapa juu ulifyeka?"

"Nilifyeka."

"Wewe? Unayeamshwa na ng'ombe?"

"Nimeshasema nilifyeka, kaka! Unataka niape?"

Akacheka. "Haya, bibie, yaishe. Kwa bidii hiyo, mwaka huu utapata mchumba. Ngoja hapa, tuvuke mmoja mmoja."

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimtazama akiondoka na sleji yake, nikajiambia theluji ya muundini haiwezi kumuua mtu.

Alikuwa katikati nilipoona ufa ukifunguka juu yake, ukionyesha udongo. Nilipiga kelele, nikaita jina lake. Aligeuka kunitazama mimi, hakutazama juu. Mteremko mzima ukashuka.

Nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Wanaume wa kijiji walipofika na sepetu, saa nzima ilikuwa imepita.

Ottilie, mkewe, alimvua koti mwenyewe, pale jikoni kwao. Majani marefu ya manjano yalikuwa yamenasa kwenye vifungo. Akachomoa moja, akalinyoosha juu ya meza, nalo likapita urefu wa mkono wake. Majirani walikuwa wakinong'ona kwamba ni mapenzi ya Mungu.

"Wifi," akaniita. "Alban hapiti pale bila kuuliza. Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia nimefyeka."

Nilisubiri anipige. Haki ya Mungu nilitamani anipige, maana nilijichukia kuliko alivyoweza kunichukia yeye. Ottilie hakuninyooshea hata kidole. Alifunika uso wa mumewe, akasimama akisikiliza ng'ombe wao wanne wakilia njaa zizini.

"Kesho tutapanda mimi na wewe tukashushe yale majani," akasema. "Na utatangulia wewe."