Hakimu Aliyeahidi Mapema

Glenys Entwistle hakumwamini Shauna Pilling hata chembe. Asubuhi ile alikuwa amemwona kwa macho yake, kupitia dirisha la chumba cha mahakimu, akishuka kwenye basi huku anacheka na simu. Dakika ishirini baadaye yuko kizimbani, macho mekundu, tishu mkononi, mabega yamelegea. Haya, hayo macho yamekuwa mekundu saa ngapi?

Kosa lenyewe halikuwa na ubishi, binti alikuwa amekiri. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee majumbani mwao. Mmoja wao, Bi Winnie Haworth, mwenye miaka themanini na minane, alivuliwa pete yake ya ndoa mikono ikiwa imejaa povu la sabuni. Na aliyemvua ni mtu ambaye bibi mwenyewe alimkabidhi ufunguo wa nyumba! Shauna alisema aliiuza sokoni kwa mtu asiyemjua. Glenys hakuliamini hilo pia.

Mahakimu watatu waliingia chumba cha nyuma kuamua. Walikuwa raia wa kujitolea, hakuna hata mmoja aliyesomea sheria wala aliyelipwa. Glenys, mwenyekiti wao, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Nadeem Sarwar ana duka la dawa, na Hilary Catlow hufuga kondoo huko milimani. Mambo ya sheria walimwachia mshauri wao, Bwana Fothergill, ambaye huwaambia kinachoruhusiwa lakini hapigi kura.

"Jela," alisema Glenys hata kabla ya kukaa. "Wiki kumi na sita, tupunguze za kukiri, basi. Mnasemaje?"

"Mama Mwenyekiti, hata chai hujaonja!" alisema Nadeem. "Afisa wa uangalizi aliyemhoji kaandika kwenye ripoti kwamba anajuta kweli. Anapendekeza kazi za jamii bila malipo."

"Afisa mwenyewe ana miaka mingapi, ishirini na minne? Mimi nimefundisha miaka thelathini, Nadeem. Mtoto anayelia kwa kuwa amekosea namjua, na anayelia kwa kuwa amekamatwa namjua."

Hilary aliinua barua ya Shauna ya kuomba msamaha. "Mbona hii kaiandika vizuri?"

"Vizuri mno! 'Nimeaibika' mara nne. Hayo ni maneno ya wakili wake, si yake."

Nadeem alicheka, kisha akaweka kikombe chini. "Tuseme anadanganya. Adhabu ni ya nini, kumuumiza tu? Sheria inataka abadilike pia, na watu walindwe. Kazi ya wazee hapewi tena na mtu yeyote, kwa hiyo hapo wameshalindwa. Mfunge miezi miwili, anatoka hana nyumba wala kazi, anaanza kuiba madukani. Krismasi tutakuwa naye hapa hapa."

"Na Bi Winnie tumwambie nini? Kwamba mwizi wake anaokota makopo kando ya mfereji, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa?"

"Kuna kifungo cha nje," alisema Hilary. "Jela inamning'inia, akikosea tena anaingia."

"Atatoka hapo anacheka, kama alivyoshuka kwenye basi. Mimi nilimwona, Hilary. Nyinyi hamkumwona."

Hilary alitazama barua, akatazama dirisha, akakubali shingo upande. Wawili dhidi ya mmoja. Glenys alishusha pumzi na kumwita Bwana Fothergill aje awasaidie kuandika sababu.

Bwana Fothergill alikuja na faili, hakuketi. Alipoambiwa ni jela, alikohoa kidogo.

"Mheshimiwa, kabla hamjaandika. Nina kumbukumbu za siku ile ripoti ilipoagizwa, wiki tatu zilizopita. Ulikuwa mwenyekiti wewe, na mahakimu wengine."

"Nilikuwa mimi. Kwani vipi?"

"Kawaida mwenyekiti husema ripoti inaagizwa lakini adhabu zote bado zinawezekana, jela ikiwemo. Ni sentensi moja tu, na tunaisema kila siku. Hapa haimo." Alivaa miwani. "Hapa umesema, 'Futa machozi, binti. Hatukupeleki jela. Kamwone afisa, mtafute adhabu nyingine.'"

Wote walijua maana yake. Mahakama ikishampa mtu tumaini la namna hiyo, haiwezi kumgeuka. Wangemfunga leo, mahakama ya rufaa ingemtoa.

Glenys alikumbuka, na uso ukamwaka. Siku ile Shauna alilia mpaka akashindwa kutaja anwani yake, na yeye, mtu mzima na akili zake, akateleza ulimi kana kwamba anambembeleza mtoto aliyechubuka goti.

"Amenichezea," alisema. "Ameniona mjinga, akanililia machozi ya mamba."

"Au aliogopa tu," alisema Nadeem kwa upole. "Hutajua, mama."

"Si lazima mlitaje hilo," alisema Bwana Fothergill. "Mnaweza kusema mmefuata ripoti."

Kishawishi kilikuwa kikubwa, Glenys hakujidanganya kuhusu hilo. Lakini binti wa Bi Winnie, Lorraine, alikuwa ameketi kwenye viti vya wasikilizaji, na siku ile ya ahadi pia alikuwepo, akaisikia.

Walirudi. Glenys alisoma bila kuinua macho: saa mia mbili na arobaini za kazi bila malipo, fidia kwa Bi Winnie, na miezi mitatu ya kubaki nyumbani tangu jioni hadi asubuhi, na kifaa cha kumfuatilia mguuni. Kisha akaweka karatasi chini.

"Leo tungemfunga. Hatuwezi, kwa sababu mimi nilimwahidi mapema kwamba hatafungwa. Sikupaswa. Kosa ni langu, si la wenzangu."

"Asante, Mheshimiwa," alisema Shauna. Glenys aliupekua uso ule kwa macho, akitafuta kicheko nyuma yake. Alidhani amekiona pembeni mwa mdomo, lakini hangeweza kula kiapo.

Lorraine alisimama. Karani wa mlangoni alimwashiria aketi, Glenys akasema aachwe.

"Kwa nini ulimwahidi?" aliuliza Lorraine.

Majibu ya kisheria yalikuwepo, tena mazuri. Glenys alishindwa kuyatamka.

"Alikuwa analia," alisema.

"Mama yangu naye analia." Lorraine hakupandisha sauti. "Kila siku ya kuoga. Hataki mtu amguse mikono, hata mimi mwanawe ananifichia. Ila miguu yake haiwezi kupanda ngazi zenu, ndiyo maana hukumwona akilia."