Kibodi ya Droo

Siku tatu mfululizo, kila sentensi niliyonakili kwenye kompyuta ilijibandika tena na tena. Barua ya mkurugenzi ikasema "Pole kwa msiba" mara sita! Nikamkodolea macho karani mwenzangu.

"Dada, mimi hata sijainuka kitini."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamjibu, nikabadili nywila mbele yake.

Fundi alipokuja aliulizia kibodi yetu ya zamani, ile isiyo na waya. Nilikuwa nimeifungia drooni mwangu, karani asije akaichukua. Kumbe ilikuwa ingali imeunganishwa na kompyuta: kila goti langu lilipogonga droo, mafaili yaliyoilalia yalibonyeza kitufe chake cha kubandika.

Karani aliutazama tu ufunguo wa droo, ulioning'inia shingoni mwangu.