Karanga ya Douzi

...na aliifinya mwenyewe, Suyun, kwa vidole vyake mwenyewe, akaikunja pembe kama sikio la panya asije akaikosea hata mvuke ukimtia machozi, akaichota mwenyewe sufuriani, akaiweka juu kabisa kwenye bakuli la mumewe, na sasa mwanamume huyo, Deshun huyu huyu anayetazama dari kama mtu anayetafuta buibui, kaikamata kwa vijiti, kaishusha chini ya meza, na huko chini kumesikika kitu kikimezwa mara moja bila hata kutafunwa... Douzi! Kaila Douzi! Jiaozi ya karanga, kiandazi cha kuchemsha chenye karanga ndani, moja tu ndani ya sufuria nzima, maana nyingine zote ni nyama na kabichi, na karanga asubuhi ya mwaka mpya ni maisha marefu, atakayeing'ata ndiye mwenye mwaka, hilo hata mtoto mchanga analijua, na imeliwa na mbwa. "Nani kaipata?" anauliza Dudu, mjukuu wao, amepiga magoti juu ya kigoda, kidevu kimelowa siki, "Bibi, nani kapata karanga? Baba, hebu fungua mdomo!" na Yongke anafungua mdomo kweli, mtu mzima na ndevu zake, "Sina, mwanangu, muulize mama yako," na Wanqing anacheka, "Mimi nimeambulia tangawizi tu, mama kanionea," na Suyun anacheka nao, meno nje, moyo unachemka kuliko sufuria, kwa sababu leo ni siku ya kwanza, na siku ya kwanza hakuna kugomba, hakuna kufagia, hakuna kulia, hakuna kutaja kufa wala kuvunjika wala kuisha, baya ukiliita leo litakula nawe mwaka mzima, ingekuwa jana, ah, ingekuwa jana angemwambia maneno mpaka masikio yadondoke, wewe baba Yongke, mimi nimeamka alfajiri, mgongo wangu huu, nimekanda unga kwa ajili yako, karanga nimeichagua moja moja gunia zima, iliyonona, isiyo na tundu, nikaikaanga, nikaisemea maneno, kwa sababu baada ya sikukuu ya taa watakupasua kifua huko hospitali ya wilaya, na yule daktari mwenye shingo ndefu hakusema utapona, alisema tutajaribu, nani anamwambia mke wa mtu tutajaribu, hata fundi viatu hasemi tutajaribu, nikakutafutia maisha marefu kwa mikono yangu, nawe ukampa mbwa! Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Na usiniambie hukujua. Miaka yote hii unakula mkunjo wangu, unaujua kama unavyojua kikohozi changu, uliitazama ile pembe, nimekuona, ukaigeuza mara moja kwa kijiti, ukatabasamu, ndipo ukainama...

"Labda iko bado sufuriani," anasema Deshun, sauti laini, mwongo mkubwa, na pumzi inamkatikia katikati ya neno sufuriani, wote wanajifanya hawakusikia, Wanqing anamsogezea Dudu kitunguu saumu, na chini ya meza mkia unapiga sakafu, pu, pu, bwana harusi na fulana yake nyekundu, ndiyo, fulana, Wanqing kaileta kutoka mjini, ya kushonwa, ina vifungo vya dhahabu, mbwa kavaa vizuri kuliko Yongke siku ya ndoa yake. Sikukuu zote Douzi alikula mifupa yake langoni, huko ndiko mbwa anakokaa, alikuja mwenyewe kwenye theluji akiwa na ukubwa wa kiatu, na wazee husema mbwa akija mwenyewe kaja na neema, haya, neema ikae langoni basi, lakini mwaka huu Deshun kang'ang'ana, aingie, ale nasi, Suyun akasema, "Mbwa ndani, siku kama ya leo, mbele ya picha za wazee?" naye akajibu, "Wazee nao walifuga mbwa," na Yongke akacheka mpaka akapaliwa, ubishi ukaishia hapo... na hata hivyo si leo tu, mzee huyu kaanza zamani kumdekeza, tangu waliporudi kwa daktari, kwanza ilikuwa chakula, "Mpe wewe, mama Yongke, mikono yangu imeganda," mikono imeganda naye kakaa juu ya kitanda chenye moto chini yake, Suyun akampa, kesho tena, mpe wewe, keshokutwa tena, halafu ikawa shambani, "Nenda naye kwenye kabichi, anataka kunyoosha miguu," halafu ikawa usiku, akamsukuma mbwa upande wa Suyun, "Huko kuna joto zaidi," uongo, joto liko upande wake, jiko liko upande wake... Na mbwa yule alikuwa kivuli cha Deshun, hakumjua mwingine, Suyun akimwita anatazama kwanza kwa bwana wake kama kuomba ruhusa, na mwezi uliopita tu, alipokwenda kusaga mahindi, kugeuka njiani, Douzi nyuma yake, hakuitwa, hakutumwa, akarudi nyumbani akijigamba, "Baba Yongke, mbwa wako kakuhama, sasa ni wangu," akitegemea anune, maana Deshun ni mwenye wivu, hata kuku akimfuata mtu mwingine hununa, naye hakununa, alicheka kimyakimya, akajifuta macho, akasema ni moshi...

Moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Kijiti cha Suyun kinasimama hewani, siki inadondoka mezani, tone moja, jingine, Yongke na Wanqing watarudi mjini na Dudu wao, lazima warudi, kazi haingoji, na nyumba hii na lango lake na kitanda chake kipana vitabaki na nani kama lile tutajaribu la daktari... kumbe. Kumbe majira yote ya baridi mzee huyu alikuwa anamfundisha mbwa. Mpe wewe. Nenda naye. Huko kuna joto. Na asubuhi ya leo kaiona karanga, kajua ni maisha marefu, kajua ni yake, kampa yule atakayebaki kulala upande wa Suyun, ili aishi sana, ili mke wake asikae peke yake na kimya, ah, Deshun, mjinga wangu, mpenzi wangu, umepanga kila kitu, umepanga kama mtu anayefunga mizigo, na hukuniuliza kama nataka mbwa badala yako. Simtaki. Nampenda, lakini badala yako simtaki. Na tangu kwa daktari hakuna aliyetamka neno "mwakani" nyumbani humu, jirani alipouliza habari ya mbegu za mwakani Deshun alisema tutaona, Suyun naye akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, wote wawili wamelipita neno hilo kama kisima kisicho na kifuniko, na si neno baya, halimo katika yaliyokatazwa leo, hata kidogo.

"Bibi! Nani kaipata?"

"Douzi kaipata," anasema Suyun, na Dudu anapiga kelele, anaingia chini ya meza kumkagua meno, Yongke anasema heri yake mbwa, na Deshun analitazama bakuli lake kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari, masikio mekundu. Suyun anachukua jiaozi kutoka bakuli lake mwenyewe, anaiweka kwenye lile la mumewe.

"Hii ule wewe, nakutazama. Na mwakani," anasema, kwa sauti ya kawaida, ya kuomba chumvi, "mwakani nitatia karanga tatu. Yako, yangu, na ya mbwa wetu. Kila mtu ale yake."

Deshun anatafuna taratibu, anameza.

"Tatu," anasema. "Basi ukande unga mwingi, mama Yongke."