Maelezo ya Lusenge

Jumanne saa tatu asubuhi, katika ofisi iliyo juu ya depo ya kakao mjini Butembo, Bénite alianza kufuta maelezo ya zamani ndani ya programu ya depo. Aliyeyaandika ni Lusenge, fundi aliyemtangulia, ambaye aliacha kuja kazini bila kuaga. Kompyuta haisomi maelezo ya aina hiyo. Huandikwa ili fundi anayefuata aelewe. Patron Paulin, mwenye depo, alitaka yaondoke kabla wakaguzi hawajafika.

Alipofuta mstari wa kwanza, ukajiandika kwenye mkono wake wa kushoto, kwa wino wa buluu na mwandiko wa Lusenge: Mzani wa pili umeshatengenezwa. Alinawa kwa sabuni. Haukutoka. Akaendelea. Kufikia saa sita mkono ulikuwa umejaa hadi kwenye kiwiko.

Mistari mingi ilikuwa imepitwa na wakati. Lakini mmoja ulisema: Wenye mali wakikimbia vita, baada ya siku tisini programu iwaandike hawapatikani, mifuko iwe ya patron. Ameagiza mwenyewe. Chini yake: Nilikataa. Wanajua ninapolala. Nikaiandika.

Bénite alikuwa bado anausoma Paulin alipoingia.

Paulin aliutazama ule mkono. "Vaa triko ya mikono mirefu," alisema. "Butembo iko na baridi. Na ile amri ya siku makumi kenda ndani ya programu, hapana gusa. Futa maneno tu."

"Lusenge alienda wapi, patron?"

"Weye unaishiaka Musienene na mama yako, si vile?"

Bénite alijibu ndiyo, kwa sauti ndogo.

Mchana aliingia Kahindo, mkulima wa Kamango aliyekuwa amekimbia vita na kukaa Beni mwaka mzima. Alileta risiti ya mifuko kumi na miwili. Bénite aliandika jina lake. Programu ikajibu: hapatikani.

"Mais niko hapa, si unaniona?" Kahindo alisema.

"Ninakuona, mama."

Kahindo alimshika mkono, akausoma taratibu mpaka mwisho. "Huu ni mwandiko wa Lusenge. Ni yeye njo alinipatiaka hii risiti," alisema.

"Sema polepole, mama. Patron iko hapo chini."

"Donc, sasa nifanye nini?"

Bénite alichapisha karatasi iliyosema mwenye mali ametafutwa bila kuonekana. "Inaomba saini ya shahidi ili mifuko iende kwa patron," alisema. "Bila saini yako, mulinzi hatakuacha utoke."

Kahindo alimtazama mlinzi mlangoni. Kisha akaomba kalamu, akaketi, akatia saini kwamba Kahindo wa Kamango hakuonekana.